Collin nafuu, Dallas ghali? Soma bili yote kwanza

Wabongo wa huku kaskazini mwa Texas wakianza kutafuta nyumba ya kununua, swali la kwanza ni kaunti ipi ina kodi ndogo ya majengo. Jibu la haraka huwa Collin. Mwaka 2023 kaunti hiyo ilitoza kama senti 15 kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba. Dallas ilitoza karibu senti 22, na juu yake karibu 22 nyingine za hospitali ya umma ya Parkland, tozo ambayo Collin haipo.

Sawa, lakini mlaji mkubwa si kaunti. Ni wilaya ya shule, ambayo peke yake huchukua karibu dola nzima katika kila 100, ukae Plano au Dallas. Bado mji, bado chuo, na kwenye mitaa mipya ya Denton mara nyingi kuna wilaya ya maji inayodai hela za mabomba na mitaro. Halafu nyumba za Collin zenyewe ni ghali, na kodi hufuata thamani. Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara wako, inakusubiri nyumbani.

Ukiishi kwenye nyumba yako, jaza fomu ya msamaha. Mwaka 2023 wapiga kura walikubali dola 100,000 za mwanzo zisihesabiwe kwenye kodi ya shule, na mwaka 2025 wakapandisha hadi 140,000. Nashangaa wanaoiacha.

Nyumbani Tanzania kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikawa 1,500. Nyumba isiyo ya ghorofa Masaki kwa matajiri, 1,500, Mbagala uswahilini, 1,500. Hakuna foleni, na hilo nalipenda. Ila bili ya Texas, japo inauma, inanionyesha nani anachukua kiasi gani, na wakizidisha thamani naweka pingamizi mwezi Mei. Kwenye LUKU naona makato tu. Kama mtaro wa mtaani kwetu umepata hata mia, sioni popote. Nipeni bili ya Texas kwa viwango vya Bongo, na Masaki waongezwe.

Halafu kuna mpangaji: anayenunua umeme ndiye anayekatwa, wakati nyumba si yake. Wangu wa Kimara hupunguza hela hiyo kwenye pango, nami namkubalia. Wenye nyumba wanaogoma wanamlipisha mtu kodi ya mali yao.