Kanga chini ya mto: bweni, mshikamano na homoni ya msongo

Mpwa wangu alipelekwa bweni akiwa na miaka saba, darasa la pili. Ndani ya tranka lake mlikuwa na kila kitu kilichotajwa kwenye fomu ya shule: ndala, sabuni za miche, soksi jozi sita. Kisichotajwa ni kanga ya mama yake, ambayo aliikunja na kuilalia kila usiku. Alikuwa amemwomba mama asiifue kwanza. Aliporudi likizo alikuwa mpole ajabu, haombi kitu, halii hata akianguka. Majirani wakasifu: shule imemnyoosha.

Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wanaoiunga mkono hatua hiyo husema kwamba mtoto akitengwa na mzazi, homoni ya msongo, yaani kortisoli, hupanda na kumharibu. Hoja ina uzito, ila inasemwa kirahisi mno.

Kortisoli si sumu. Hutolewa na tezi zilizokaa juu ya figo pale ubongo unapohisi hatari, ikaongeza sukari kwenye damu ili mwili uwe tayari. Asubuhi huwa juu, usiku hushuka, na hupimwa hata kwa mate. Shida huja mfumo huo ukiwashwa siku baada ya siku bila wa kuuzima. Kwa mtoto mdogo, wa kuuzima ni mtu mzima aliyeshikamana naye.

Elimu hii ya mshikamano, yaani kifungo cha karibu kati ya mtoto na mlezi wake, ina mizizi hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuzitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala. Alikwenda kila baada ya wiki mbili, akakaa sebuleni na mkalimani, akitazama. Aliona watoto waliotambaa mbali na mama, wakageuka kuhakikisha yupo, kisha wakaendelea na safari yao. Aliona na wengine waliolia hata wakiwa wamebebwa. Jambo moja lililoambatana na utulivu wa mtoto limenikaa moyoni: mama zao walikuwa na mengi ya kusimulia. Ukimuuliza kuhusu mwanawe, anakupa vijambo vidogo vidogo ambavyo asiyemtazama mtoto hawezi kuvijua.

Je, umri una kazi gani hapa? Ni kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwemo Megan Gunnar, walichapisha mwaka 2015 jaribio la watoto wa miaka 9 hadi 10 na vijana wa miaka 15 hadi 16 waliotakiwa kuhutubia mbele ya waamuzi. Baadhi walijiandaa na mzazi, wengine na mtu wasiyemjua. Kwa wadogo, mzazi aliizuia kortisoli kupanda. Kwa wakubwa, kuwa na mzazi hakukuleta nafuu hiyo. Kwa hiyo mpaka wa darasa la nne si wa kubahatisha, na kumlinganisha mtoto wa darasa la pili na kijana wa sekondari ni kuchanganya mambo mawili.

Lakini upande wa pili nao unasikika. Mama wa Gongo la Mboto anayetoka alfajiri kwenda kazini na kurudi mtoto keshalala anamwachia nani malezi? Dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni binti anayehitaji kulelewa. Kuna nyumba ambazo usiku ni ngumi na matusi. Tezi za mtoto huyo haziangalii kama jengo linaitwa nyumbani au bweni. Tena mshikamano si wa mama peke yake. Wengi wetu tulilelewa na bibi au shangazi, tukatulia.

Kinachonitia hofu zaidi ni ule upole wa mpwa wangu. Mjini Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya yatima, nusu wakahamishiwa familia za malezi kwa kura. Walipofika umri wa miaka kama 12, waliobaki vituoni miili yao iliitikia msongo kwa kiwango cha chini mno, kortisoli yao haikupanda inavyotakiwa. Waliopata familia kabla ya miaka miwili walikaribia kufanana na waliolelewa nyumbani. Bweni letu si kituo cha yatima, na siwezi kupima mate ya mtoto kwa macho. Ila tumezoea kumwogopa mtoto anayelia na kumsifu aliyenyamaza, na hapo tunakosea. Habari njema ni kwamba utafiti wa baadaye kwa watoto waliowahi kuishi vituoni unaonyesha mfumo huu unaweza kujirekebisha wakati wa balehe, maisha yakiwa mazuri.

Mimi nasimama na katazo kwa wadogo. Kwa wanaobaki bweni, kwa kibali au kwa umri, swali la kwanza lisiwe ufaulu wala magodoro. Siku ya kumtembelea mpwa wangu nilimuuliza matroni anaendeleaje. Akafungua daftari, akanitajia namba ya kitanda, akasema hana tatizo. Kuhusu kanga hakuwa na habari. Alikuwa na watoto wengi mno, na simlaumu yeye.

Mama yake alimhamisha mwisho wa muhula. Wiki ya pili nyumbani alianguka uani, akalia kwa sauti, akamkimbilia.