Peni nyekundu imekwenda wapi?

Hapa Lubumbashi, Kongo, mzazi aliyesoma miaka ya 1980 akifungua kaye (daftari) ya mtoto wake lazima atasema: sisi tulifundishwa. Dada yangu bado anayo kaye yake ya dikte (imla), ya shule ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kila ukurasa umepitiwa na peni nyekundu: kosa limepigiwa mstari, alama pembeni, chini yake sentensi imeandikwa upya mara tano.

Ila fimbo aliyochapwa kwa kusema Kiswahili uwanjani haisimulii sana. Na kanuni ya partisipe pase, ya sarufi ya Kifaransa, aliikariri miaka miwili kabla ya kuielewa.

Siku hizi mwalimu anatakiwa aanze na jambo la maisha. Mwalimu mmoja wa darasa la sita, mtaa wa Katuba, alianza na unga wa bukari (ugali): mfuko mzima bei hii, meka (kopo la kupimia) bei ile, mama anunue vipi? Watoto wa mbele walibishana vizuri kabisa. Nyuma, ambako wanne walibanana kwenye benchi la wawili, mmoja alikuwa bado ananakili tarehe ya jana.

Wengi wanailaumu shule ya bure. Katiba ya 2006, ibara ya 43, iliiahidi kwa shule ya msingi. Utekelezaji ukaja Septemba 2019, na madarasa yakafurika. Ni kweli. Lakini tangu mishahara ya serikali iporomoke mwanzoni mwa miaka ya 1990, mzazi ndiye aliyekuwa anamlipa mwalimu “prime”, yaani nyongeza ya mshahara, na mtoto wa asiyelipa alirudishwa nyumbani saa tatu asubuhi. Darasa lile lilipendeza kwa sababu wengine walikuwa nje.

Kwa hiyo ugomvi wa kukariri au kubishana haunishtui. Mimi naona kilichopotea ni jicho la mwalimu juu ya kazi ya kila mtoto, na mbinu mpya inalihitaji kuliko ya zamani, maana mtoto anayejitafutia njia hupotea kwa namna yake mwenyewe. Piga hesabu: makaye 90, dakika mbili kwa kila moja, ni saa tatu za jioni kwa zoezi moja. Kwa mshahara gani?

Nilimwuliza yule wa Katuba anasahihishaje. Watoto wanabadilishana makaye, yeye anaandika majibu ubaoni. Kijana wa tarehe ya jana alipata 8 juu ya 10. Aliyemsahihisha ni jirani yake wa benchi.