Kipima ulevi getini: nani apulize, lini, na kisha nini

Saa kumi na mbili kasoro dakika chache, asubuhi. Mwendesha winchi anasimama mbele ya msimamizi wa zamu, anapachika mrija mpya wa plastiki kwenye kifaa, anavuta pumzi ndefu na kupuliza mpaka kilie. Inatokea namba: 0.03, yaani asilimia ya pombe kwenye damu. Anashangaa, wala haigizi. Amelala, ameoga, ameswaki, kichwa hakimuumi. Lakini hesabu haijamwonea. Mwili wa mtu huondoa pombe kwa wastani wa asilimia 0.015 kwa saa, na hakuna kahawa wala maji baridi yanayouharakisha. Aliyeingia kitandani saa sita usiku akiwa na 0.12 kwenye damu, saa kumi na mbili alfajiri bado anayo 0.03.

Tukibishana kuhusu kupima ulevi kazini, wengi humfikiria mlevi anayepepesuka. Huyo hahitaji kifaa, maana miguu yake inasema yote. Ugumu uko kwa huyu wa 0.03, mtu mwenye nidhamu yake, aliyekunywa kwa muda wake mwenyewe, na ambaye dakika kumi zijazo atakuwa ananyanyua tani kadhaa juu ya vichwa vya wenzake. Mwajiri ana haki gani juu ya pumzi yake?

Wanaotetea kipimo wana historia nzito mkononi. Agosti 1991, treni ya chini ya ardhi iliacha reli New York ikiwa kwenye mwendo mkali, watu 5 wakafa, na dereva wake alikuwa amekunywa. Miezi miwili baadaye Marekani ikapata sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafiri: madereva wa malori, wa treni, wahudumu wa ndege. Japani nayo, tangu 2011, inazitaka kampuni za mabasi, teksi na malori zimpime dereva kwa kifaa anaporipoti kazini, na Desemba 2023 sharti hilo likafika hata kwa kampuni za kawaida zenye magari 5 au zaidi. Abiria hana namna ya kumchunguza dereva wake. Kuna mtu lazima afanye hivyo kwa niaba yake, na sioni hoja ya faragha inayoweza kusimama mbele ya familia za waliokufa.

Kipimo cha pumzi kina sifa moja ambayo wapinzani wake huipita haraka mno. Kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya kinaweza kukuambia alichotumia mtu siku kadhaa zilizopita, hata kama sasa akili yake ni timamu. Huko ndiko kuingilia maisha ya mtu nje ya kazi. Pumzi haina umbea huo: inaeleza kilichomo kwenye damu sasa hivi, basi. Vifaa vyema vina seli ndogo yenye platinamu. Pombe ikiifikia hugeuzwa kikemikali na kutoa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaosomwa kuwa namba, kwa kukadiria kwamba kiasi kilichomo katika mililita 2,100 za pumzi ni sawa na kilichomo katika mililita 1 ya damu.

Hapo pia ndipo udhaifu unapoanzia. Uwiano huo wa 2,100 ni makadirio, na watu hawalingani. Dawa ya kusukutulia kinywa yenye alkoholi huacha mvuke mdomoni unaoweza kupandisha namba ya mtu ambaye hajagusa pombe kabisa. Vifaa vya bei rahisi vyenye sensa za semikonda huchanganya pombe na mvuke mwingine, na kifaa kisichorekebishwa kwa ratiba hupotoka kidogo kidogo bila mtu kugundua. Mwenye pumu huenda asiweze kutoa pumzi ndefu inayotakiwa, na akahesabiwa kuwa amekataa kupimwa. Ndiyo maana kanuni za usafiri za Marekani zinadai kipimo cha pili pale cha kwanza kinapofika 0.02, baada ya kusubiri angalau dakika 15 ili mvuke wa mdomoni uishe, na aliyeshindwa kupuliza hupelekwa kwa daktari kabla ya kuhukumiwa. Kampuni inayonunua kifaa lakini haitaki kutoa hizo dakika 15, kwangu mimi bado haijaanza kupima.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ilifika Mahakama ya Juu ya Kanada. Kiwanda kimoja cha karatasi katika jimbo la New Brunswick kilikuwa kimeamua peke yake, bila makubaliano na chama cha wafanyakazi, kwamba kompyuta itachagua asilimia 10 ya walio kwenye kazi za hatari kila mwaka wapulizishwe kwa kushtukiza. Chama kikapinga. Mwaka 2013 majaji 6 dhidi ya 3 walikipa chama ushindi. Walikubali kabisa kwamba kiwanda kilikuwa mahali pa hatari. Walichokataa ni kwamba hatari peke yake inatosha: matukio 8 ya ulevi katika miaka 15 hayakuonyesha tatizo kubwa kiasi cha kumpima mtu ambaye hajatiliwa shaka yoyote. Kupima baada ya ajali, kupima penye dalili, na kupima mtu anayerudi kutoka kwenye matibabu kuliruhusiwa kuendelea. Wale majaji 3 waliona ushahidi huo ulitosha.

Nimeisoma hukumu hiyo nikivutwa huku na kule. Swali la majaji wengi ni la haki: tatizo liko wapi? Lakini kwenye chumba cha rubani au usukani wa basi, kusubiri ushahidi ni kusubiri maiti. Na naona kilichowaudhi wafanyakazi wale kilikuwa pia ile bahati nasibu. Mtu akiitwa peke yake katikati ya zamu, wenzake humtazama anavyoondoka, na wakati mwingine hawaachi kumtazama hivyo hata akirudi na sifuri. Wakipuliza wote getini, kabla ya kazi, meneja anayeingia mtamboni akiwa kwenye foleni ileile, hakuna anayeshukiwa. Ningechagua hivyo, kwa orodha fupi ya kazi iliyoandikwa pamoja na chama. Karani wa stoo asiyegusa mashine hana sababu ya kuwemo.

Kuna jambo linalonisumbua katika utetezi wangu mwenyewe. Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska na kumwaga takriban lita milioni 40. Dunia ikakumbuka nahodha aliyekunywa. Damu yake ilipimwa saa kumi na kitu baadaye, na baraza la wazee wa mahakama likamwondolea shtaka la kuendesha meli akiwa amelewa. Wachunguzi walitaja pombe kati ya sababu, lakini walitaja pia uchovu na kazi iliyomzidi ofisa aliyekuwa zamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya vibaya kama mwenye 0.05 ya pombe. Huyo akipuliza, kifaa kitasoma sifuri na geti litafunguka. Mwajiri anayepima pumzi huku akipanga zamu mbili mfululizo anapima kosa la mfanyakazi tu, na lake analiacha.

Mengi basi yanategemea kinachofuata baada ya namba. Marekani, mwenye 0.02 mpaka chini ya 0.04 huondolewa kazini kwa muda. Akifika 0.04 hatarudi mpaka aonane na mtaalamu, amalize matibabu au mafunzo aliyopangiwa na apimwe tena, kisha afuatiliwe kwa vipimo visivyopungua 6 ndani ya miezi 12. Kanuni hiyo haimlazimishi mwajiri kumfukuza mtu. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 1996, linataka tatizo la pombe lichukuliwe kama tatizo la afya.

Kampuni nyingi hufukuza papo hapo na kuita huko ni kutovumilia ulevi. Matokeo yake huonekana kwa wenzake wa huyo aliyelewa. Mwaka 2018 rubani msaidizi wa Japani alikamatwa uwanja wa Heathrow, London, akiwa na zaidi ya mara 9 ya kiwango kinachoruhusiwa kwa marubani. Aliyemgundua alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi, aliyesikia harufu akasema. Dereva yule hakuwa rafiki yake. Rafiki, akijua kwamba neno lake litamaliza mshahara wa nyumba nzima, atampa pipi ya mnanaa na kumwambia akae mbali na msimamizi. Akijua kwamba mwenzake atarudishwa nyumbani leo, ataonana na mshauri kesho na kazi yake itamsubiri, atamshika mkono kabla hajafika getini.