Simba wachaguliwe kuanzia jezi namba 3

Kikosi cha Simba, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji 15, kikitangazwa, mabishano ya mashabiki huanzia nyuma ya uwanja: winga ni nani, fulubeki (namba 15) ni nani, na kwa nini yule kijana mwenye mbio wa Shujaa, timu yetu ya raga ya wachezaji saba, ameachwa. Jina la propu wa kulia, namba 3 wa mstari wa mbele, halitajwi mpaka skramu (kule kusukumana kwa wachezaji wanane wa mbele wa kila upande) ianze kurudi nyuma. Kwa maoni yangu hilo ndilo jina la kwanza kuandikwa, na wengine kumi na wanne wafuate.

Tuangalie matokeo. Marseille, Novemba 2018, mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia: tulifungwa 65-19 na Kanada, 43-6 na Ujerumani, 42-17 na Hong Kong. Dubai, Novemba 2022, mchujo kama ule: 68-14 na Marekani, 85-0 na Ureno, 22-18 na Hong Kong. Katika mechi hizo sita sioni hata moja tuliyopoteza kwa kuwa mawinga wetu walikuwa wazito wa miguu. Winga asiyepelekewa mpira ana kazi moja tu, kuangusha watu.

Namba 3 ana mzigo ambao hakuna mwingine uwanjani anaoubeba. Kichwa chake huingia katikati ya propu namba 1 na huka (namba 2) wa wapinzani, kwa hiyo anasukumwa kwenye mabega yote mawili. Namba 1 bega lake la nje liko huru. Ndiyo maana huwezi kumtoa mtu namba 1 Alhamisi ukamvalisha jezi ya 3 Jumamosi. Atasimama dakika ishirini, kisha shingo na mgongo vitamsaliti. Katika kikosi cha wachezaji 33, idadi iliyoruhusiwa Kombe la Dunia la 2023, ningetaka namba 3 halisi watatu, na wa nne awe kijana anayejifunza.

Anayemteua mtu huyu asikae jukwaa kuu. Kutoka ubavuni unaona skramu ikisonga au ikianguka, lakini huoni nani kaiangusha. Simama nyuma ya mstari wa trai (mstari wa goli), au weka kamera pale, uangalie mambo matatu. Nyonga: zikitoka upande, ujue ameshindwa kusukuma mbele na ameanza kukata kona, na refa wa kimataifa atapuliza. Kiwiko cha mkono wa kulia: kikielekea chini, anamvuta mpinzani ardhini. Miguu: hatua fupi fupi zenye meno ya viatu ardhini ni nzuri, akinyoosha magoti kabla mpira haujaingia, hana tena nguvu ya kusukuma. Kisha hesabu skramu za baada ya dakika ya 50 peke yake. Mapema mechini kila propu ana nguvu.

Hapa ndipo Kenya Cup, ligi kuu ya klabu zetu, inapodanganya jicho. Kwa takriban miaka kumi ligi imetawaliwa na KCB na Kabras Sugar. Propu anayesukumwa kutoka nyuma na maloki (wachezaji wa safu ya pili ya skramu) wa kiwango cha taifa ataonekana simba hata kama si yeye anayefanya kazi. Kwa hiyo mechi dhidi ya timu za mkiani zisitiwe kwenye hesabu kabisa. Kambini, mwache propu palepale, badilisha maloki nyuma yake, skramu tano kwa kila jozi. Akianza kuporomoka pindi maloki wanapobadilika, nguvu haikuwa yake. Kinyume chake hutokea pia: kuna mapropu wa klabu ndogo wanaorudishwa nyuma kila wiki na hawana kosa lolote.

Huka, ambaye ndiye hurusha mpira kwenye lainiauti (mpira unaporudishwa kutoka nje ya mstari wa pembeni), apimwe kwa kurusha akiwa amechoka. Mbio za mita 40 mara tatu, kisha mirusho minne; rudia seti hiyo mara tano. Kati ya mirusho ishirini, nusu iende katikati na nyuma ya lainiauti, na mpinzani awe anaruka kweli. Chini ya 16 iliyofika, bado. Huka anayefikia asilimia tisini kwa kurusha mbele tu husomwa na wapinzani ndani ya robo saa. Kuhusu mbio za Bronko, zile za mita 20, 40 na 60 kwenda na kurudi, raundi tano, jumla mita 1,200: zimchuje asiye tayari, zisichague timu. Propu akizimaliza ndani ya dakika tano na nusu, mwacheni na skramu zake.

Sasa wachezaji wa Shujaa. Tangu wale vijana wawachape Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016, wengi huamini kwamba anayeng'ara kwenye raga ya saba atang'ara kokote. Raga ya saba ina vipindi vya dakika saba na skramu ya watu watatu kila upande. Winga wa raga ya watu kumi na tano ana kazi isiyoonekana kwenye televisheni: mpira ukienda kushoto, winga wa kulia arudi nyuma kusaidiana na fulubeki, kwa sababu flai-hafu (namba 10) wa Zimbabwe au Namibia anatafuta uwazi huo huo ili apige teke. Hilo halifundishwi wiki mbili. Walete wawili au watatu, wiki sita kabla, na uwaanzishe kwenye winga. Namba 13, mchezaji wa katikati wa nje, hapana. Pale kosa moja la kutoka kwenye mstari wa ulinzi ni trai.

Mpigaji mikwaju asithibitishwe Nairobi. Uwanja wa raga wa Ngong Road uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huurefusha mpira. Mkwaju wa mita 48 unaopita vizuri pale unaweza kuanguka mfupi Marseille. Mpelekeni Mombasa siku mbili, jioni yenye upepo wa bahari, mikwaju thelathini, nusu yake kutoka karibu na mistari ya pembeni. Zimbabwe waliipata tiketi ya Kombe la Dunia 2027 mjini Kampala, Julai 2025, kwa kuwashinda Namibia 30-28: pointi mbili tu, jambo ambalo mkwaju mmoja huamua.

Benchi ni nane, na mchezo wa watu 23 unadai watu sita wa mstari wa mbele. Wakiisha, skramu huchezwa bila kusukumana, na katika mashindano mengine unapunguziwa mchezaji juu yake. Afrika Kusini waliweka mafowadi (wachezaji wa mbele) saba na beki mmoja kwenye benchi la fainali ya 2023 wakashinda 12-11, na tangu hapo kila kijiwe kina mtaalamu wa saba kwa moja. Kwanza tuwe na namba 3 wa pili! Kwetu tano kwa tatu inatosha: skramu-hafu, mtu wa 10 anayeweza pia 15, na mmoja wa katikati anayeweza winga.

Mwisho, karatasi. Mchezaji wa ughaibuni anastahili ikiwa alizaliwa Kenya, au mzazi, bibi au babu alizaliwa Kenya, au amesajiliwa na chama cha raga cha Kenya peke yake kwa miezi 60 mfululizo. Aliyekwisha kuchezea taifa lingine, hata timu ya saba, lazima akae nje miezi 36 na awe na uhusiano wa kuzaliwa au wa damu. Uhispania walinyang'anywa nafasi yao ya Kombe la Dunia 2023, ikaenda Romania, kwa sababu ya mchezaji mmoja ambaye hakuwa ametimiza muda wa kuishi nchini uliotakiwa wakati huo. Cheti cha babu aliyezaliwa kijijini enzi za ukoloni hakipatikani kwa simu moja. Mara nyingi hakikuwahi kuandikwa. Mashindano ya Afrika yamekuwa yakichezwa Julai, kwa hiyo cheti hicho kianze kutafutwa Januari, kabla mtu hajaulizwa uzito wake.