Mizani Yenye Kipaza Sauti

Jamani, nauliza tu: ni nani aliyeifungia mizani kipaza sauti? Kilo za mtu mzima, mwenye familia yake, mjumbe wa kamati za harusi, ni siri yake na daktari wake. Leo asubuhi siri yangu imetangazwa kituo kizima cha Buguruni Sheli, mpaka abiria wa Gongo la Mboto wakachungulia dirishani wamwone mwenyewe.

Na nilikuwa nimeshaandamwa vya kutosha. Bodaboda wa kona ya kwetu alinitazama, akalitazama tairi la nyuma, akasema, "Mzee wangu, wewe ongeza mia tano." Shemeji alikuja kusalimia, hata kukaa hajakaa: "Shem, fanya mazoezi." Mtoto wangu wa darasa la pili kaambiwa achore familia, kanichora mimi nimejaa karatasi nzima, mama yake na wadogo zake wakakosa nafasi, kawahamishia nyuma ya karatasi. Mwalimu kampa vema.

Sasa leo. Daladala za njia yetu hazionekani, watu tumejaa kituoni, na kuna kijana ana ile mashine ya kupima uzito na urefu. Ina nguzo, ina taa, ina sauti ya mwanamke aliyerekodiwa sijui wapi: "Karibu upime uzito, urefu na hali ya mwili wako." Inasema hivyo hivyo tangu alfajiri, haichoki, haimezi hata mate. Kijana akanivizia. "Baba, mia tano tu, ujue afya yako." Nikaona isiwe taabu, huenda mashine ikawafunga watu midomo. Nikavua viatu. Nikampa ashike simu, funguo, pochi na miwani, maana sikutaka kubebeshwa gramu zisizo zangu. Nikapanda, nikavuta pumzi, nikabana tumbo kama vile mizani ina macho.

Mashine ikawaza. Ikalia pii. Ikatema kikaratasi. Kijana akakisoma, na kumbe kipaza sauti bado kiko mkononi na kiko wazi.

"Baba yetu hapa, kilo 98!"

Mtu akapiga makofi. Mpaka sasa sijajua alikuwa anapongeza nini.

"Urefu, mita 1.68!" Kijana kapandwa na mori wa elimu. "Sasa baba, unachukua kilo, unagawa kwa urefu, halafu unagawa tena kwa urefu ule ule. Ya kwako inakuja kwenye 35 hivi. Mtu wa kawaida haitakiwi ifike 25. Kuanzia 30 hapo tunasema mnene kitaalamu."

Nikamshukuru kwa hilo la kitaalamu. Nikanyoosha mkono nidai miwani yangu, lakini mwenzangu alikuwa hajamaliza. "Yaani kwa kilo hizi ulizonazo, baba, ili zikukae vizuri, ulitakiwa uwe na mita 1.98."

"Kwa hiyo nirefuke?"

"Au upunguze kilo 28."

Fundi mwashi mmoja, kaegemea beleshi lake, akasema kwa sauti ya mtu anayepiga bajeti, "Kilo 28 hiyo imepita nusu mfuko wa sementi." Basi macho yote yakahamia tumboni kwangu, kila mtu anatafuta mfuko umekaa upande gani.

Hapo ningekuwa na akili za haraka ningeondoka. Tatizo viatu vilikuwa upande wa pili wa mashine, na foleni ya washauri ilishajipanga katikati. Konda mmoja, gari lake halijajaa, akaliacha likinguruma akaja. "Mshua, wewe kimbia tu. Kila siku, asubuhi, kimbia." Mzee wa kahawa akasema dawa ni ndimu na maji ya moto kabla ya kula chochote. Dada mmoja akasema si ndimu, ni tangawizi. Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi nimesimama na soksi juu ya mizani, na kila nikijitikisa mashine inafikiri kapanda mteja mpya. "Karibu upime uzito…"

Aliyekata mzizi ni mama wa mihogo. "Hebu tuacheni na hayo mazoezi yenu! Mimi naamka saa tisa usiku, nabeba ndoo za maji, namenya mihogo gunia zima, nakaanga nimesimama mpaka jioni. Mazoezi gani tena nifanye? Na haya," akajipiga nyongani pwaa, "mbona hayaondoki?"

Kituo kikanyamaza. Hata konda hakuwa na jibu. Ndipo akajitokeza binti kavaa sweta juu ya sare nyeupe, muuguzi anatoka zamu ya usiku, macho mekundu, sauti ya mtu ambaye usiku kucha amekuwa akiwaambia watu walale.

"Mama, unaonja mihogo ukikaanga?"

"Nisionje nijueje imeiva?"

"Na chai?"

"Ya maziwa. Sukari ya kawaida tu, vijiko vinne."

"Ndiyo hapo," akasema muuguzi. Akanigeukia. "Baba, wewe ukitembea nusu saa kwa haraka, mwili wako unachoma kalori 170 hivi. Chapati moja ya mafuta inazidi hapo. Soda moja peke yake ni kama 150. Kwa hiyo ukitembea nusu saa halafu ukajipongeza kwa soda na chapati, umerudi nyumbani una deni. Kilo zinapungua kwenye sahani."

"Kwa hiyo nisifanye mazoezi!" nikadakia. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile niliona nuru.

"Fanya. Presha inashuka, sukari inakaa sawa, moyo unapata nguvu, usingizi unakuja, hata kama mizani haijasogea. Na ukishapungua, mazoezi ndiyo yanazuia kilo zisirudi. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, na siku 2 za kutia misuli nguvu. Utembee kiasi kwamba kuongea unaweza, ila kuimba huwezi."

Konda akanitazama. "Huyu hata kuongea ameshindwa."

Nikaona sasa heshima inabidi itetewe. Nikasimama wima pale pale juu, nikakohoa. "Ndugu zangu, mimi mnayemwona hapa nilikuwa winga wa kulia wa timu ya shule." Sauti kutoka nyuma: "Ya mwaka gani?" Sijajibu, daladala ikaingia, washauri wangu wote wakapotea kugombea mlango, wakaniacha na kijana, ambaye alinirudishia pochi akaniambia kikaratasi ni bure ila kama nataka na presha ni elfu moja.

Presha! Kwa muda ule!

Sasa mimi sibishani na muuguzi. Yule binti kasema kweli, na kaisema ana usingizi. Ninachouliza ni hizo dakika 150 nizitolee barabara gani? Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni, narudi saa mbili usiku. Njia ya waenda kwa miguu ina meza ya mitumba, ina jiko la chipsi, ina bodaboda anayekupigia honi wewe uliye juu ya njia yako. Wenzetu wa kule Oysterbay tangu mwaka 2022 wana Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari, wanatembea na vichupa vya maji mkononi wanacheka. Mimi nipande daladala mbili nikatembee? Nikifika nitakuwa nimesimama saa nzima nimeshikilia bomba, kichwa kimeinama, mguu mmoja juu ya kiatu cha mtu, na hiyo wanasema si mazoezi!

Nyumbani nako ni chumba na sebule. Nikilala chini kupiga pushapu, kichwa kiko uvunguni na miguu iko kwa mpangaji mwenzangu.

Mpwa wangu kaniwekea kitu kwenye simu kinachohesabu hatua. Kila usiku kinaniambia sijafikisha 10,000, kwa lugha ya upole ile ya kukatisha tamaa. Nimekuja kujua namba hiyo haikuanzia kwa daktari yeyote: ilienea Japani miaka ya 1960, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kwenye tangazo la kuuzia kipima hatua. Tangazo la biashara! Miaka sitini baadaye linaninyima usingizi Buguruni.

Ofisini tunafanya yale mazoezi ya Jumamosi ya pili ya mwezi, tangu Mama Samia alipoagiza akiwa Makamu wa Rais mwishoni mwa 2016. Mkubwa wetu anakuja na raba nyeupe, anakimbia mpaka mpiga picha atosheke, gari linamfuata nyuma. Na klabu ya jogging ya mtaani nimo, nimelipia fulana. Ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na katiba. Tunakimbia kwa nyimbo mpaka mbwa wote wa mtaa waamke, halafu tunaishia kwa supu ya kongoro na chapati mbili mbili. Mweka hazina tulimchagua kwa sababu mwenye kibanda cha supu ni mkewe. Yule muuguzi akituona atalia.

Nikisema basi, leo nakula kidogo, nyumbani panachafuka. "Chakula changu kibaya?" Nikisema hapana mama watoto, napunguza mwili, ananipakulia ugali ule ule, ila anauminya ushuke kimo. Na ukikonda kweli kweli? Mtaani hawasemi umefanya mazoezi. Wanaulizana kwa sauti ya chini, wanakuhesabia vidole, wengine wanaanza kukuonea huruma mpaka wanakulipia nauli. Halafu wiki haipiti bila msiba, na msibani huwezi kumwambia anayepakua pilau kwamba wewe una 35. Atakuongezea nyama akidhani ni umri.

Na nguo! Hapo ndipo nilipochoka. Nina suruali yangu ya kijivu, ya kwendea kwenye shughuli, nilimpelekea fundi aipanue kiuno tangu kabla ya Idi. Fundi kachukua hela yote, kaniambia njoo kesho. Kesho, umeme hakuna. Nikienda tena, cherehani imekata mkanda. Nikienda tena, kafiwa na shangazi. Nikienda tena, kafiwa na shangazi, na nina hakika ni yule yule. Simu hapokei, ukipiga kwa namba ya jirani anapokea haraka, akisikia ni wewe mtandao unasumbua.

Jumamosi iliyopita niko harusini, nimevaa suruali ya kazini, nimebana mkanda nimekaa wima siwezi hata kuinama kuchukua soda. Kwaito ikapigwa. Watu wakapanga mstari. Namwona fundi, mstari wa mbele, anageuka kushoto, anageuka kulia, na suruali yangu ya kijivu. Imepanuliwa kweli, mshono umenyooka, siwezi kumsingizia. Ila kapimia tumbo lake.

Nikamfuata kwenye foleni ya chakula. "Fundi, hiyo suruali?"

Akanishika bega, sahani imejaa mpaka ukingoni. "Bosi wangu, nilikuwa naijaribisha tu kama mshono utahimili. Wewe njoo kesho."