Fomu ya shule haina nafasi ya bibi

Siku ya kufungua shule mama yangu alinipigia simu akiwa kwenye foleni. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka walio nyuma yake wasikie. “Mwanangu, hapa wanataka mzazi. Wanasema mimi siwezi kusaini.”

Mama huyo ndiye aliyemwamsha mjukuu wake alfajiri, akampigia pasi sare, akayavisha madaftari yake majalada usiku wa jana yake huku mimi nimelala. Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Kusaini kulichukua dakika moja. Nilimkuta ameketi pembeni, mkoba wa mtoto mapajani, mtoto amemwegemea. Hakulalamika hata kidogo. Basi nalalamika mimi.

Shule naielewa, kwa kiasi. Lazima ijue nani ana haki ya kisheria juu ya mtoto na nani anaruhusiwa kumchukua. Mlango huo sitaki ulegezwe. Lakini fomu ile ilikuwa na nafasi ya baba, mama, mlezi, msimamizi wa ubatizo, parokia, mpaka jina la padre aliyembatiza mtoto. Bibi na babu hawamo. Shule inayojiita ya Kikatoliki imeuliza kila kitu kuhusu imani ya mwanangu isipokuwa ameipata kwa nani.

Ameipata kwa bibi yake. Nasema hivi bila kujivuna, maana ningependa niwe mimi. Ishara ya Msalaba alifundishwa na bibi, akimshika mkono na kuupeleka kwenye paji la uso, kifuani, bega hadi bega, jioni baada ya jioni, mpaka mkono ukaenda wenyewe. Salamu Maria aliijua kabla hajajua kuhesabu mpaka ishirini. Mwalimu wa dini atakayempokea muhula huu anapokea kazi iliyokwisha kuanzwa.

Na hili si jambo geni kwa Kanisa. Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Timotheo, anaitaja imani ya kijana huyo na kusema ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Kwanza kwa bibi. Paulo hakuona haya kumtaja mwanamke huyo kwa jina, nasi tunashindwa kumwekea mstari mmoja kwenye karatasi.

Kisha kuna Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake kimo katika Biblia yetu ya Kikatoliki, na ambaye sichoki kumsimulia. Mzee huyo alisoma Torati na Manabii maisha yake yote, akaandika hekima yake kwa Kiebrania. Mjukuu wake alifika Misri mwaka 132 kabla ya Kristo, akaona watu wa huko wanahitaji maneno ya babu yake kwa Kigiriki, akakesha akitafsiri. Katika dibaji anaomba radhi kwamba maneno ya Kiebrania hupoteza nguvu yakihamishwa. Napenda sana radhi ile: ni ya mtu anayeogopa kumpunja babu yake. Maandishi ya Kiebrania yakaja kupotea kwa karne nyingi, mpaka vipande vyake vilipotambuliwa mwaka 1896. Muda wote huo Kanisa lilikisoma kitabu hicho kutokana na kazi ya mjukuu. Tunakisoma kwenye misa kwa sababu kijana mmoja aliona maneno ya babu yake hayafai kufa.

Papa Fransisko aliweka siku ya mababu, mabibi na wazee duniani mwaka 2021, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria. Injili haiwataji wawili hao. Majina yao tumeyapokea kwa mapokeo ya kale. Nadhani waamini wa mwanzo hawakuweza kumfikiria Yesu bila bibi na babu. Fransisko mwenyewe alimtaja mara nyingi bibi yake Rosa, aliyemfundisha kusali.

Najua shule nyingi zina siku ya wazee. Watoto wanaimba, wazee wanapiga makofi, wanapigwa picha, wanarudi nyumbani. Si vibaya. Ila mama yangu si mgeni wa kutumbuizwa. Mwiteni darasani awaeleze watoto alivyosali mwaka aliofiwa na mume. Kwenye misa ya kufungua muhula, wazee wasimame na wajukuu wao, wawawekee mikono kichwani. Na kwenye fomu, nafasi ya jina. Sahihi ya kisheria abaki nayo mzazi, sina ugomvi.

Wapo mabibi na mababu wanaoumiza watoto, na familia zenye sababu za kuwaweka mbali. Hao nafasi yao ibaki tupu.

Nimemwandikia mwalimu mkuu barua. Mama amenisihi nisitaje jina lake, asije mjukuu wake akaonekana mtoto wa familia ya ugomvi. Nimemtii. Jumatatu atampeleka tena yeye, na jana usiku niliwasikia chumbani wakisali kwa ajili ya mwalimu mpya.