Nilimpandia Baba Dau
Kwa kuwa kuna mtu (anajijua, na mbege yetu, pombe ya ndizi na ulezi, alikunywa) ameshatangaza kwenye magrupu kwamba nimepigana na baba kanisani kisa kuku, naomba nami nisikike kabla habari haijavuka Himo. Hatukupigana. Na haikuwa ndani ya kanisa, ilikuwa nje. Na hakuwa kuku, alikuwa jogoo. Mengine yote, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Desemba ya Marangu, kwetu Uchaggani, mnaijua, sina haja ya kuwapigia hadithi. Kila kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) kina gari la Dar limezama kwenye tope, ndizi zimeshapikwa, ulezi umeshatiwa, mbege inatoa povu, na mbuzi anatuangalia kama anayejua kalenda. Na wewe uliyetoka mjini sharti uonekane umetoka mjini. Mimi nilivaa shati jeupe. Kumbukeni hilo shati.

Sasa, ibada ya Krismasi ikiisha, mnada. Watu wameleta sadaka za mazao: mikungu ya ndizi, miwa, maziwa, mayai, kuku, na vyote vinanadiwa palepale nje. Wasiowahi kuhudhuria wajue kwamba kununua si lazima uondoke na kitu. Unanunua yai, unapigiwa makofi, unalirudisha liuzwe tena. Nimeshuhudia yai likimzidi bei kuku aliyelitaga.

Akatolewa jogoo. Mwekundu, mkia mweusi, miguu imefungwa kwa ganda la mgomba. Mzee wa mnada akaanza na elfu 20. Nikasema 25, kwa ile sauti ya mtu aliyepaki gari mahali linapoonekana. Huko nyuma, chini ya miti, ikanyanyuka bakora.

"Thelathini kwa mzee!"

Uso sikuuona. Mbele yangu kulikuwa na kina mama na vilemba vyao vya sikukuu, nilichokiona ni ncha ya bakora tu. Nikasema 40. Bakora ikapanda. Nikasema 60. Watu wakaanza kucheka, nami nikadhani wananishangilia. Jamani, kijiji kizima kilijua! Mpaka watoto walijua! Kuna mama mmoja alinivuta shati akasema, "Mwanangu, ebu angalia vizuri." Nikamwangalia jogoo vizuri. Nikasema laki.

Bakora ikakaa kidogo hewani, ikapanda. Laki na ishirini.

Ningenyamaza pale, leo ningekuwa naheshimika. Nikasema laki na nusu.

Bakora haikupanda tena. Mzee wa mnada akahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akashusha kipaza sauti na kuniuliza taratibu, "Kijana, una uhakika?" Nikamjibu bila aibu, "Mzee, biashara ni biashara." Vilemba vikapisha njia. Na pale chini ya mti, ndani ya koti nililomnunulia mwenyewe, amesimama baba yangu mzazi.

Akasema maneno mawili. "Mpeni. Anamtaka."

Jogoo kusikia ile sauti akawika. Alimjua. Mimi ndiye sikumjua yeyote kati yao.

Kumbe jogoo ni wa nyumbani! Ndiye aliyeniamsha saa kumi usiku nikamlaani. Mama amechoka naye, asubuhi akambeba kimyakimya akamtoa sadaka. Baba kamkuta ameshafika madhabahuni, na sadaka hairudishwi, ndipo akaamua kumkomboa kwa hela yake. Na angemkomboa kwa elfu 25, kama asingekuwa na mtoto.

Sijamaliza. Mfukoni nilikuwa na elfu 40. Iliyobaki ipo kwenye simu, na mtandao umegoma. Nimesimama mbele ya waumini wote, jogoo kwapani, simu juu natafuta mnara, na mzee wa mnada anatangaza kwenye kipaza sauti: "Ndugu zangu, tuvute subira, tunasubiri muamala." Kwaya ikaanza wimbo wa kujazia. Ubeti wa pili nikahisi ujotojoto ubavuni. Lile shati. Mama nilimwona yuko mstari wa mbele, kanga mdomoni, mabega yanamtingishika.

Muamala ukafika. Nikakimbia.

Jioni baba mdogo akanikatia jani la isale, mmea ambao sisi Wachagga tunaombea msamaha, akaniambia mpelekee baba, mtu akikujia na isale humkatalii. Nikapiga magoti mbele ya mzee, nimelishika kwa mikono miwili. Akalipokea, akaligeuzageuza, akasema, "Isale nimeiona. Jogoo yuko wapi?" Nikamkabidhi. Mafuta ya kurudi Dar nimekopa kwa shemeji, shati limetupwa, jogoo sasa anaitwa Laki na Nusu na analala jikoni.

Asubuhi naaga, mama akanisindikiza hadi kwenye gari, akaegemea dirishani na kuninong'oneza kwamba mwakani anamtoa yule beberu wa baba, kwa hiyo nianze kujipanga mapema.